Nyumbani Aliposema Baba

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Kosa la neno moja limenisimamisha hapa, mimi niliyesomea lugha chuo kikuu.

Baba yangu alilazwa Musoma, ini limeharibika. Daktari aliponiambia dawa zimefika mwisho, nilimwamuru atafute nyingine. Nilikuwa na digrii; nilidhani hata kifo kitanipisha. Baba aliomba jambo moja tu: "Nirudishe nyumbani."

Nikajiona mwana mwema. Nikampeleka kijiji chetu kipya cha ujamaa, karibu na Kiabakari, kwenye nyumba ya bati niliyomjengea. Ndugu zangu, hakula! Aligeukia ukutani akarudia neno lile lile. Nikamwambia dada yangu Nyangeta kwamba mzee amechanganyikiwa.

"Umesoma mpaka umepotea njia ya kwenu," akanijibu. "Anataka kule mama alikolala."

Mahame yetu, kijiji cha zamani tulichohamishwa, upande wa Butiama! Kule ambako mimi, ofisa wa kuhamisha watu, niliezua paa la baba kwa mikono yangu ili wengine waige mfano. Nikatangaza mkutanoni kwamba atakayerudi mahame ni adui wa maendeleo.

Pumzi ya baba ilikuwa ya kuhesabu, nami nimekaa uani nalinda cheo. Niliogopa. Hapo ndipo mimi, niliyekwenda kanisani kusikiliza kwaya, niliomba kweli kwa mara ya kwanza: Bwana, nivue huyu ofisa!

Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamweleza yote. Akaniuliza:

"Si ulikuwaga unatuambia hakuna kurudi?"

"Nilikosea, mzee wangu."

"Basi chukua gari langu la ng'ombe. Lori lako litamvunja mgonjwa."

Kule mahame tulikuta minyaa ya boma na mafiga matatu tu. Nikafunga turubai juu ya baba. Akalitazama, akashika udongo.

"Angalau paa umerudisha," akasema. Kisha akaomba uji.

Alikunywa, ndugu zangu! Siku ya tatu alilala akielekea kaburi la mama, mkono wake mkononi mwangu. Cheo walikichukua baadaye. Sikukifuata.

Namshukuru Mungu aliyenifungua. Nawe unayeuguza, usijibu kabla hujamuuliza mgonjwa wako nyumbani ni wapi. Akikutajia mahali unapopaogopa, mtegemee Bwana. Fungeni ng'ombe, mwende.