Mgong'oto

Sogeeni, wanangu, na mlango mtie komeo, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki ipotelee sebuleni alikokaa baba yenu mdogo na mfuko wake wa machungwa, akisubiri nimsamehe kabla sijakata roho.

Kila harusi mnacheza mgong'oto, mkigonga meza na masinia, na mnadhani naitwa Mama Mgong'oto kwa kupenda ngoma. Sikilizeni neno hilo lilikotoka. Siku tuliyotoka kumzika baba yenu, mdogo wake alijifungia kwenye karakana ya bati ya marehemu, akasema vifaa vyote ni vyake. Mimi nilibaki na nyundo ya mbao tu, ambayo marehemu aliiacha chini ya kitanda. Nikaenda nayo, kitinda mimba mgongoni, nikaupiga mlango ule, mbili nzito, moja nyepesi, fungua, fungua, basi, mpaka viganja vikachubuka. Naye akachungulia dirishani akicheka: "Jamani, njooni msikie mgong'oto wa mjane!" Akapiga makofi kufuata nyundo yangu. Na watu, Mungu anawaona, wakacheza.

Neno likashika. Watoto wakaligonga kwenye madawati, wapiga ngoma wakalichukua, kilio changu kikawa raha ya mtaa mzima, nami nikipita wananipigia makofi nitabasamu. Nimemchukia mtu huyu tangu siku hiyo na sijachoka kumchukia; machungwa hayatanitoa hapo.

Nyumba hii ni yenu wote, dada yenu asinyimwe chumba cha mbele kwa kuwa ameolewa. Nyundo uichukue wewe mkubwa, uliyeshika kazi ya baba yako. Karakana idaini, hata akilia mbele ya watu, idaini. Jeneza langu asiliguse. Na mjukuu wangu yeyote akiolewa, mgong'oto usipigwe kabla bibi harusi hajaambiwa ulianzia mlango gani.

Nipeni maji... basi, yanatosha.

Mnasikia? Anabisha. Taratibu, kwa kidole, kama mtu mwenye adabu. Wewe kitinda mimba, kaa chini, najua moyo wako mwepesi.

Mungu awafungulie milango yote, wanangu, mikono yenu isikose kazi, mpendane... shikeni mkono wangu, siwaoni vizuri.

Bado anabisha? Vizuri. Msifungue. Nataka nife nikimsikia.