Biri Laini ya Baba Mkwe

Aliyemletea Koleta habari ile ni wifi yake, Sikuzani, akiwa ameegemea mlango na kopo la mkaa wa kuazima mkononi. Baba anakuja kesho asubuhi na treni kutoka Bukene, kumwona mjukuu. Na wajukuu wote wa nyumba ile hupokelewa namna moja: babu huwasha kiko, humpakata mtoto, humpulizia moshi utosini, ndipo humwita kwa jina kwa mara ya kwanza. Asiyepuliziwa ataitwa mgeni mpaka aote ndevu. Koleta akamtazama mwanawe Ezekia aliyelala. Juzi tu wametoka naye hospitali ya Kitete na dawa ya kifua, na nesi kasema asikae penye moshi, hata wa jikoni. Mumewe yuko safarini na lori. Wa kumsemea hayupo.

— Mnunulie baba biri, wifi, Sikuzani akasema. Zile sigara nene za jani. Nasikia zipo laini. Zawadi hawezi kuikataa, na moshi wake hautamdhuru mtoto.

Biri laini inatambulikaje, Koleta hakujua. Ila alijua pa kuulizia. Jioni huuza kahawa Kijiwe cha Taruma, mahali ambapo watu wazima watatu hukaa juu ya taruma la reli lililolazwa kwenye matofali na kuijua dunia yote. Siku nyingine maneno yake pale huwa mawili tu, shikamoo na niongeze. Siku hiyo alimwaga kahawa kwenye vikombe, mtoto mgongoni, akasema huku anaangalia jiko:

— Wazee wangu, biri laini mtu anaijuaje?

Vikombe vikasimama hewani.

— Ya nani? akauliza Bani. Jina lake ni Shigela, lakini alilinda mabani ya kukaushia tumbaku miaka mingi hata jina likahamia huko.

— Ya baba mkwe. Yeye ni mtu wa kiko.

— Umefika penyewe, mama Ezekia. Tumbaku ni jani. Jani la chini ya mche ni laini, la kileleni ni kali. Wewe nenda dukani, mwambie muuzaji akupe biri ya majani ya chini.

— Muuzaji atajuaje? akadakia Injini. Huyu alifanya kazi karakana ya reli, na injini hakuwahi kuendesha. Biri imeshasokotwa, Bani! Utaifumua dukani uhesabu majani?

— Rangi, bwana. Ganda jeupejeupe, laini. Ganda jeusi, kali.

— Acha kutupiga kamba. Mimi mweusi kuliko wewe, na nyumbani kwangu mkali ni nani?

— Mkeo, akasema Msafara.

Msafara ni Issa, ambaye babu wa babu yake alibeba pembe toka Ujiji hadi pwani, na yeye bado amechoka.

— Sikiliza, mama Ezekia, Injini akaendelea. Siri ni urefu. Biri fupi, moshi unafika mdomoni una hasira. Biri ndefu, moshi unasafiri, unachoka njiani, unafika mpole. Ndiyo maana kiko chenye mrija mrefu hakiunguzi ulimi.

— Mrefu kiasi gani? akauliza Koleta.

— Kadiri unavyoweza. Ukipata mrija toka hapa mpaka Bukene, mzee atavuta kama anakunywa maji.

— Na huku Tabora nani atawasha? akauliza Bani.

— Hilo ni la utawala, akasema Injini.

Ezekia akakohoa mgongoni. Koleta akajitikisa kidogo kumbembeleza, akaongeza kahawa.

— Nyote mmepotea, akasema Msafara. Wapagazi walipita hapa na viko vya kibuyu chenye maji. Moshi unaoga kwanza, ndipo unaingia kwa mtu. Kiko kinaoga, biri haiogi. Kwa hiyo biri, laini au si laini, ni chafu.

— Kwa hiyo nisinunue?

— Nunua. Uilaze kwenye asali ya porini mwezi mzima.

— Baba anakuja kesho.

— Basi ilaze usiku huu, ila asali iwe nyingi.

— Haitawaka! akasema Bani.

— Ikikataa kuwaka itakuwa laini kuliko zote.

Injini akakitua kikombe. Akasema karakana walikuwa na kipimo: biri inawekwa juu ya chuma, nzi akitua ni laini, nzi akizunguka ni ya kati, nzi akianguka ni ya wazungu. Bani akasema nzi wa Tabora wamezoea tumbaku, hawafai kupima, aletwe nzi wa Ziba, aliyekulia kwenye ng'ombe. Msafara akataka kujua nauli ya nzi. Hakuna kati yao aliyewahi kuweka biri mdomoni, na hakuna aliyeona kuwa jambo hilo linazuia lolote.

Ezekia akakohoa tena, safari hii mfululizo, mpaka Koleta akamshusha na kumweka begani. Mwanamke mmoja aliyevuka barabara kutoka hospitali na chupa ya chai tupu, anauguza mtu wodini, alikuwa amesimama akingoja kahawa. Jina lake Najiat. Hakuwa amefika kijiweni hapo kabla.

— Samahani, nauliza tu. Hiyo biri mnayoitafuta, laini kwa anayevuta, au laini kwa huyu anayekohoa?

Bani akaangalia kikombe chake. Msafara akageuza shingo kuelekea magharibi, kama mtu aliyeitwa toka Ujiji.

— Niongeze? akauliza Koleta.

Akamjazia Najiat chupa yake, kahawa ikaishia hapo, akafunga jiko.

Dukani hakupita.

Asubuhi yake mzee alifika na vumbi la Bukene, akaketi kwenye kiti pekee chenye mgongo, akatoa kiko kwenye koti na kukishindilia tumbaku kwa kidole gumba. Koleta akapiga magoti, mtoto kifuani.

— Shikamoo, baba.

— Marahaba, mwanangu. Lete mtu wangu.

Koleta hakumpeleka.

— Baba, kifua chake ni kibovu. Naomba umpulizie pumzi yako. Moshi, hapana.

Nyuma ya mlango Sikuzani akaangusha kitu.

— Moshi wangu haujawahi kuua mtu, mzee akasema. Tumbaku yenyewe laini.

— Hata laini, baba.

— Mama yenu hakuwahi kuniambia neno kama hilo.

— Ndiyo, baba.

Mkwe hupokea kitu cha baba mkwe kwa mikono miwili. Koleta alikuwa na mmoja. Wa pili ulikuwa umemshika Ezekia. Akaunyoosha huo mmoja, kiganja juu, akakaa hivyo mpaka bega likachoka, na macho hakuyainua. Mzee akakitazama kile kiganja. Akakiweka kiko humo.

Ndipo Koleta akampa mtoto.