Mwambie Asije Getini

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

FUNDI: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Namba ya nani hii?

FUNDI: Ya jamaa wa duka la dawa. Yangu imezima. Salio lake ni kidogo, kwa hiyo—

DADA: Umefika?

FUNDI: Nimefika.

DADA: Umeingia?

FUNDI: Niko nje.

DADA: Nje wapi? Usiniambie uko— [kwa mteja] Inamisha kichwa, bibie, nimalizie kusuka huku nyuma. Nje wapi, wewe?

FUNDI: Nyuma ya zahanati, pale pale uliponielekeza. Mlango wa bluu. Ila baa iko ng'ambo ya barabara, na wameshaniona. Wananipungia mikono.

DADA: Wapungie na wewe, halafu uingie.

FUNDI: Wewe unaona rahisi.

DADA: Rahisi? Wiki nzima nimezunguka kuuliza watu wanaoacha ile... ile shughuli yenu wanakutania wapi. Mpaka muuguzi akadhani mgonjwa ni mimi! Leo umefika mlangoni unanipigia simu?

FUNDI: Dada, hunisikilizi—

DADA: Wakianza wanafunga mlango. Na wifi ameshasema, maneno ya kuambiwa hataki tena. Jioni hii anakuja mwenyewe, asimame getini akuone kwa macho yake unatoka humo. Akikuona, anatoka kwa baba yake anarudi kwako na mtoto. Asipokuona—

FUNDI: Najua.

DADA: Asipokuona ndiyo basi tena.

FUNDI: Kuna mtu humo ndani.

DADA: Si ndiyo kikundi? Ulitaka kiwe kitupu?

FUNDI: Mtu ninayemjua. Nimechungulia dirishani.

DADA: Mteja wako? Uliyemchomelea geti likapinda?

FUNDI: Bora angekuwa huyo.

[mkwaruzo wa mtandao]

DADA: Haloo? Unakatika! Nani?

FUNDI: Baba mkwe.

DADA: Baba mkwe wako? Mwalimu mkuu?

FUNDI: Mwenyewe. Anapanga mabenchi. Si mgeni humo, dada, anayapanga kama yuko sebuleni kwake.

DADA: Labda wamemwalika awape nasaha—

FUNDI: Ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mimi najua kwa nini mtu anayeacha pombe anashika kikombe kwa mikono miwili.

DADA: Mungu wangu.

FUNDI: Yule aliyenikalisha kikao! Mbele ya wajomba, mbele ya mama yetu! "Mlevi hafai kulea mtoto." Mama akalia kama amefiwa. Kumbe nyani haoni kundule!

DADA: Punguza sauti.

FUNDI: Sipunguzi! Tena mke wangu na aje. Asimame hapo getini atuone wote wawili tunatoka. Tuone kama na baba yake atamkalisha kikao.

DADA: Mdogo wangu—

FUNDI: Aje! Geti lenyewe ni moja tu.

DADA: Baba wa watu atafia palepale.

FUNDI: Mimi si nilikufa siku ile?

DADA: Ulikufa. Nilikuwepo. [kwa mteja] Hapana, bibie, si msiba. Geuka huku.

FUNDI: Dada.

DADA: Nini tena?

FUNDI: Ameniona. Anakuja. Anatoka nje.

DADA: Usimkosee adabu! Unanisikia? Hata kama una hasira, usim—

FUNDI: [mbali na simu] Shikamoo, baba... Ndiyo, baba... Hapana. Hajui, baba... Yuko nyumbani... Asante, baba. Nakuja.

[hatua zinaondoka]

DADA: Haloo? Haloo! Mmegombana?

FUNDI: Ameniuliza kitu kimoja tu. Kama binti yake anajua niko hapa.

DADA: Ukasema hajui.

FUNDI: Ningesema nini? Hakunitazama usoni, dada. Mzee mzima, anaongea na viatu vyangu! Amesema benchi la nyuma lina nafasi. Yeye atakaa la mbele, ili tusitazamane.

DADA: Lakini si wifi anakuja—

FUNDI: Mpigie. Mwambie asije getini.

DADA: Una wazimu? Nikimwambia asije atajua uko baa!

FUNDI: Ajue hivyo.

DADA: Na mtoto?

FUNDI: Usiniulize mtoto sasa hivi, dada. Nakuomba.

DADA: Basi aje wiki ijayo.

FUNDI: Wiki ijayo mzee naye atakuwepo. Binti yake akimkuta hapo, mzee harudi humu tena. Mimi nisingerudi.

DADA: Sasa mkeo utamwonyesha nini?

FUNDI: Sijui. Wanafunga mlango, dada.

DADA: Ngoja kwanza! Akiniuliza uko wapi nimwambie nini?

FUNDI: Salio linai— mwambie hukunipata. Mwambie—

[simu inakatika]

DADA: Haloo? Haloo! [kwa mteja] Nisubiri kidogo, bibie. Ngoja nimpigie wifi yangu, nimdanganye.