Mwenye Nyumba wa Judica Kahangwa

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio zenu. Leo tunamkumbuka Judica Kahangwa, mwandishi wa michezo ya jukwaani na tamthilia za televisheni. Amefariki akiwa na miaka arobaini na sita. Juzi tulimzika kwao Kanazi.

Judica alizaliwa Muleba. Baba yake, Mwalimu Josia Kahangwa, ni Mhaya, Mlutheri wa benchi la mbele. Mama yake, Bi Hidaya, ni Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu. Nyumba hiyo ilisherehekea Krismasi, ikasherehekea na Idi. Ndiyo maana katika kazi za Judica, Mhaya, Mmanyema, Msukuma na Mhindi mwenye duka hugombana katika ua mmoja, kisha wakala pamoja.

Tamthilia iliyompa jina ni ile ya wapangaji na mwenye nyumba wao, Mzee Kazoba. Mnamkumbuka? Koti na tai, jua linawaka! Hujamaliza kumsalimia, ameshakwambia, "Mimi nilikuwa wa kwanza wilaya nzima!" Nchi nzima ilicheka. Sisi Wahaya tulicheka zaidi, maana tunajijua. Kutaja shule ndio ugonjwa wetu.

Lakini, wasikilizaji wapendwa, maneno yale yalikuwa ya Mwalimu Josia. Aliyasema harusini, akayasema misibani. Siku tamthilia ilipoanza kuoneshwa, alikuwa anaiangalia kwa jirani yake, Datius. Alicheka na wenzake, mpaka alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Akachukua kofia, akaondoka. Kesho yake wanafunzi wakamwita Mzee Kazoba. Kwa miaka minne hakupokea simu ya binti yake. Miaka minne.

Bi Hidaya ndiye aliyemfungua macho Judica. "Mwanangu, umemcheka baba yako hata hujamuuliza," alimwambia. "Alikuwa wa kwanza kweli. Nafasi ya chuo kikuu akaiacha, babu yako alipokufa. Nani angetunza migomba na wadogo zake sita? Akabaki mwalimu wa hapa hapa. Huo u-wa-kwanza ndio aliobaki nao."

Judica alilia sana. Kisha akafanya kazi aliyoijua, akaandika mchezo wa jukwaani. Mchezo huo ulioneshwa hapa Bukoba, kwenye ukumbi wa kanisa. Mzee Kazoba alirudi, safari hii na historia yake yote. Mwalimu Josia aliketi mstari wa nyuma kabisa, kaburutwa na mkewe. Mchezo ulipokwisha, akasimama.

"Judica, umekosea," alisema. "Wilaya nilikuwa naisema kwa unyenyekevu tu. Ilikuwa mkoa mzima!"

Watu walicheka mpaka wakatoa machozi. Judica alishuka jukwaani, akapiga magoti kama binti wa Kihaya anavyomsalimu mzazi. "Taata, nisamehe." Mzee akamwinua, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Tunawapa pole Mwalimu Josia, Bi Hidaya, na ndugu wote wa Kanazi na Ujiji. Tulimpenda Judica, na tutamkosa. Nawe unayetusikiliza, kama kuna simu ya mtu wako usiyotaka kuipokea, hebu itafakari leo.

Mwalimu Josia ametuomba tuwafikishie neno lake. Nalisema kama alivyonipa:

"Miaka ile minne nilinunua televisheni yangu. Nilifunga mlango, nikaangalia kila alichoandika. Sikukosa hata sehemu moja. Mama yake nilimkataza asiseme. Na mimi mwenyewe sikuwahi kumwambia."