Paa Nililichana Mimi

Sabato njema, wapendwa. Mniwie radhi nisome kwa daftari. Nikiwatazama nitasahau hata jina langu. Sitamtaja mtu.

Nyumba yetu hapa Kebirigo ina paa bapa la zege. Limefunikwa kwa mpira mweusi mnene, kama tyubu ya gari iliyotandazwa. Fundi aliutandika vizuri. Mpira hushika joto, basi nikawa naanika wimbi, yaani ulezi, juu yake. Siku moja mawingu yakafunga. Mnaijua mvua yetu ya alasiri. Nikakomba wimbi kwa sepetu, mbio mbio. Kraa! Mpira ukachanika pembeni mwa ukuta, urefu wa kidole.

Nikanyamaza.

Dari ikaanza kudondosha maji juu ya cherehani ya Mama. Fundi akaja, akaziba. Ikavuja. Akarudi, akaziba. Ikavuja. Mama akatangaza sokoni, "Huyo ni wa kubandika tu, msimpe paa!" Watu wawili wakamnyima kazi. Ndugu zangu, nawaambia, ule ugali wa wimbi niliula kama mchanga.

Mara ya tatu fundi alileta ndoo. "Maji huingia hapa, yakatembea chini ya mpira, yakatokea kule. Nitamwaga kidogo kidogo. Moiseke, binti yangu, kaa ndani. Ukiona tone, piga kelele."

Akamwaga upande wa chini. "Bado?"

"Bado," nikajibu dirishani.

Katikati. "Bado?"

"Bado."

Mama, aliyekuwa kwenye ngazi, akacheka. "Mwagilia, fundi, labda sukuma wiki itaota. Inatosha! Shuka. Nitaleta mwingine kutoka Kisii mjini."

Nikasikia fundi akikusanya vyombo. Sijui miguu ilinitoaje mle ndani. Nilimpita Mama pale ngazini.

"Ni pale kwa ukuta. Ni mimi. Nilikata na sepetu."

Fundi hakunigombeza. Alipaosha kwa sabuni, tukangoja pakauke kabisa. Akakata kiraka, kona zake akazifanya mviringo. "Kona kali hubanduka." Akapaka gundi pande zote mbili, akangoja inate, akakandamiza kwa chupa. Kisha akamwaga ndoo nzima. Hakuna tone.

Asante, fundi, kwa kunivumilia. Asante, Mama, kwa kurudi sokoni kumwomba fundi msamaha mbele za watu. Nimejifunza hivi: ukijua tundu lilipo, usimwache mwenzako alitafute.

Mmoja wa wale wawili amemrudishia kazi. Mwingine bado hajasikia, na huenda ameketi humu. Mzee wangu, fundi hana kosa. Paa nililichana mimi.