Chale Zisizo za Mkono Wangu

Sikilizeni wanangu, pumzi ningali nayo kidogo. Na wewe Assani usitazame mlango. Kaa hapo karibu na dada yako Halima, maana neno hili ni lako kabla ya kuwa la mwingine.

Nyumba ni yenu wawili, na kiwanja kinachoshuka mpaka mtoni msimwuzie mtu. Wembe wangu nampa Halima, si ili achanje watu, kwani yeye anajifunza uuguzi, bali akiushika akumbuke. Mji huu wote wa Kindu unajua chale za kutibu maumivu ninavyozichanja: ndogo, mbilimbili, kulia na kushoto. Basi Assani, ulipompeleka mwanao Sharifa dispensari kwa homa, wahudumu wakaona alama mgongoni, ukasema, "Hizi njo chale za mama yangu," nao wakaridhika, kwa kuwa jina langu liliwatosha.

Scholastique hakuridhika. Muuguzi yule, ambaye serikali ilimkataza jina la Kizungu, kama ilivyowakataza watu wote, nasi tukaendelea kumwita vilevile, alimvua mtoto nguo taratibu, akaona alama zimekaa ovyo, nyingine mbichi, nyingine zimekauka, zimepinda kama waya uliokunjwa. Hakukupigia kelele. Alikuambia usubiri nje, akampakata mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini, kisha akaja naye hapa. "Mama, hizi chale njo za mukono wako?" Nikatazama. Zilikuwa za waya wa breki ya baiskeli yako.

Umezoea kusema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto si samaki, Assani, na mama yake yuko kaburini, hawezi kukushika mkono.

Tangu siku ile Sharifa anakaa nami, na tangu siku ile namwonea wivu yule mwanamke, hata sasa ninapokufa. Mimi nilimbeba mtoto yule mgongoni, nikamsuka nywele, wala hakuniambia. Akamwambia yeye, Mkristo, mtu baki, aliyempakata kitambo kidogo tu. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Yeye hakuzaa, nani alimfundisha? Akipita njiani, Sharifa anakimbia kumpokea, ananiacha na kitana mkononi. Inaniuma kuliko ugonjwa huu.

Halima, kikulacho ki nguoni mwako. Usiridhike na jina la mtu mwenye heshima, hata likiwa langu. Mvue mtoto nguo kwa upole, tazama kama kidonda kinafanana na maneno ya aliyemleta, mwulize mtoto akiwa mbali naye, na akikuambia, mwamini, utafute mkubwa wa kukusaidia kabla hajarudishwa nyumbani.

Nipeni maji. Basi.

Nikifumba macho, Sharifa asirudi kwa Assani. Apelekwe kwa Scholastique. Sipendi. Nasema sipendi, na mumpeleke. Ijumaa Halima akamchukue mtoto, aje asali na Waislamu wenzake. Assani, utakwenda kumwona mchana, mikono mitupu, bila waya wala fimbo, na akikukimbia usimkamate.

Mwenyezi Mungu awape mikono myepesi, wanangu. Awape watoto wasioogopa sauti ya mlango.

Sasa mniitie Sharifa, nimsuke... Yuko wapi? Kwa yule tena?

Haya. Mwacheni. Msimwite.