Mgeni Aliyefuta Sifa za Bi Pambizo

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi Pambizo anastaafu kutoka Kitengo cha Machapisho cha hospitali yetu. Aliingia akiwa mpiga chapa wa mkataba wa muda, akapanda hadi mhariri, na anaondoka akiwa mhariri mkuu. Karibu kila karatasi ya maelekezo ambayo mgonjwa wetu amekwenda nayo nyumbani, iwe ya kusafisha kidonda, ya kunyonyesha au ya kumeza dawa, imepita mikononi mwake. Jina lake halisi liko kwenye faili la utumishi. Hili la Pambizo alilipata kwa sababu ya maoni anayoandika pembeni mwa ukurasa, ambayo mara nyingine huwa marefu kuliko ukurasa wenyewe.

Mimi ni mchoraji wa kitengo. Nimechora vidole, vijiko na matumbo chini ya usimamizi wake kwa muda wa kutosha kujua kwamba kazini hana simile. Ukimpelekea mchoro wa mama anayemwogesha mtoto, atakuuliza maji hayo yana moto kiasi gani, na mbona mama hajayapima kwa kiwiko. Daktari wa meno alipoandika kwamba mgonjwa ajiepushe na vitu vigumu, Bi Pambizo alimwuliza pambizoni kama anamaanisha karanga au maisha. Daktari alicheka mpaka akakohoa, kisha akaandika karanga.

Yeye ndiye aliyeanzisha utaratibu wa kupeleka kila karatasi mpya kwenye mabenchi ya wagonjwa wa nje kabla haijachapwa. Huketi ubavuni mwa mama mmoja, humwomba asome, kisha amweleze alichoelewa. Mama akikwama, tunaandika upya, hata kama aliyeandika mwanzo ni bingwa wa magonjwa fulani na jina lake lina vyeo mbele na nyuma. Hospitali nyingine zimekuja kujifunza utaratibu huo. Bi Pambizo aliwapokea vizuri, akawapa viti, na akawapa kazi.

Kuna jambo moja ambalo hakuna asiyelijua: kwake, huwezi kugusa waraka bila jina lako. Sisi huandika kwenye waraka wa pamoja, ambao watu wengi huufungua kwa wakati mmoja, kila mmoja kwenye kompyuta yake. Kila mtu huingia kwa jina lake, kila jina lina rangi yake, na historia ya mabadiliko huonyesha nani aliongeza nini na nani alifuta nini. Mhasibu aliwahi kukaa kwenye kiti changu na kurekebisha tarakimu moja wakati nimetoka, kwa hiyo ikaonekana ni mimi. Bi Pambizo alimwita, akamfanya airudishe ilivyokuwa, atoke, aingie kwa jina lake, arekebishe upya, na wageni wanatazama. Mhasibu alitamani ardhi ipasuke. Sisi tulimcheka, na mimi nikambandika Bi Pambizo jina la askari wa zamu. Alicheka na yeye, lakini hakulegeza.

Nilipopewa kazi ya kuandaa wasifu huu, nilifungua waraka wa pamoja nikawatumia wafanyakazi kiungo ili kila mtu aongeze lake. Kwa pupa yangu niliuacha wazi kwa yeyote mwenye kiungo, hata asiyeingia kwa akaunti yake. Mtu wa namna hiyo huonekana kwa jina moja tu, Mgeni. Sifa zilimiminika kuanzia asubuhi ya kwanza. Kufikia mchana, Mgeni alikwisha kuanza kuzifuta.

Muuguzi mkuu aliandika kwamba Bi Pambizo ni nguzo ya hospitali. Mgeni akafuta nguzo. Mfamasia aliandika kwamba katika miaka yote hii hajawahi kukosea. Mgeni akafuta, mfamasia akarudisha, Mgeni akafuta tena, ikawa ni kuvutana shati. Damu ilinichemka. Nilijua moja kwa moja kwamba ni mhasibu, ana kinyongo cha siku ile ya tarakimu, nikamfuata ofisini kwake na kumwambia asimharibie mama wa watu sherehe.  Alinigeuzia kompyuta yake, nikaona aya aliyokuwa anaiandika kwa jina lake mwenyewe, ndefu na ya upendo mtupu, na yeye mwenyewe macho yamemwiva. Nilimwomba radhi nikatoka kinyumenyume.

Nikarudi kwenye historia ya mabadiliko na kuisoma taratibu, kama tulivyofundishwa. Mgeni hakugusa hata neno moja lililowasifu watu wengine. Alifuta sifa za Bi Pambizo tu. Alisahihisha mwaka tulionunua mashine ya kuchapa, na alisahihisha vizuri. Na pale dereva alipoandika kwamba Bi Pambizo hajawahi kununa, Mgeni aliacha swali pembeni: una uhakika, au wiki ile ya bajeti hukuwa kazini? Nilicheka peke yangu chumbani. Hapo sikuhitaji mpelelezi.

Nikaandika chini ya swali hilo: Shikamoo, Bi Pambizo. Katika kitengo hiki watu hugusa waraka kwa majina yao.

 Kesho yake Mgeni hakuonekana tena. Aliingia Bi Pambizo kwa jina lake kamili, na mahali pa sentensi ya mfamasia aliandika aya ninayoiweka hapa bila kubadilisha kitu:

"Nimekosea. Mwaka wangu wa tatu tulikuwa wapiga chapa wawili na kompyuta moja. Kompyuta ile ilisajiliwa kwa jina la mwenzangu, kwa hiyo kila badiliko lilionekana ni lake, hata nililofanya mimi. Kwenye karatasi ya dawa ya homa ya watoto nilibadilisha kijiko cha chai kuwa kijiko cha chakula. Mimba ilikuwa imenielemea, nilikuwa nasinzia, na kesho yake nilikwenda kujifungua. Karatasi zilichapwa, zikakamatwa kabla hazijafika wodini, namshukuru Mungu. Wakubwa walifungua waraka, wakaona jina, wakamwondoa mwenzangu na kumpeleka stoo ya mashuka. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilijua siku ileile kwamba ni mimi. Nilikuwa na mtoto mchanga na mkataba wa muda. Niliogopa, nikanyamaza. Mwenzangu amestaafia kwenye mashuka. Msiandike kwamba sijawahi kukosea."

Mfamasia aliisoma akaiacha sentensi yake ilale ilikolala. Nasi tuliomwita askari wa zamu tulitazamana. Nilikumbuka kwamba kila tulipohitaji kitu kutoka stoo ya mashuka, Bi Pambizo alimtuma mtu, na sisi tukadhani ni magoti yanayomsumbua.

Si kila mtu alifurahi. Afisa utumishi alisema sherehe si mahali pa kufukua makaburi. Bi Pambizo alijibu kwa upole kwamba aya hiyo ikitolewa, yeye naye hatakuja, na wasifu tutamsomea mhasibu. Aliomba jambo moja tu: mwenzake, ambaye hospitali nzima inamfahamu kama Bi Mashuka, aisome kabla ya mtu mwingine yeyote wa nje, na akitaka kufuta, afute. Mkurugenzi alikubali, akaandika kwa jina lake kwamba neno la mwisho ni la Bi Mashuka.

Nilikwenda mimi. Nilimkuta kibarazani anakunja nguo za wajukuu, pembe kwa pembe, kama zinakwenda wodi ya wazazi. Nilimsaidia kufungua waraka kwenye simu yake na kuingia kwa jina lake. Alisoma akisogeza midomo. Alipomaliza aliniuliza kama Bi Pambizo bado anapenda kukaa karibu na dirisha, nikasema ndiyo. Akaniambia, "Haya baba, nenda. Nikiwa tayari nitaandika."

Siku zilizofuata Bi Pambizo alikuwa roho juu. Huyu mtu ambaye hupitia ukurasa kwa rula, alikuwa anafungua waraka na kuufunga bila kusoma. Alinipa michoro yangu bila maoni hata moja, jambo lililotutia wasiwasi wote. Alinijia mezani na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, kama kuna lolote. Nikamwambia bado. Akanishika bega akarudi dirishani. Niliumia kumwona vile, na nasema wazi kwamba sijawahi kumpenda kama siku ile.

Kisha siku moja, kabla ya chakula cha mchana, rangi mpya ikatokea kwenye waraka. Bi Mashuka hakufuta kitu. Chini ya aya ya mwenzake aliongeza hii:

"Waliniuliza nani mwingine anatumia kompyuta hii. Nikawaambia ni mimi peke yangu. Nilijua ni wewe, maana mchana ule mimi nilikwenda kuchukua karatasi na wewe ndiye uliyebaki. Mimi nilikuwa mwajiriwa wa kudumu, wangenihamisha tu. Wewe ulikuwa unanyonyesha, na mkataba wako ungeishia hapohapo. Sikuonewa, niliamua. Umejibebesha peke yako mpaka leo, pole mwenzangu. Kijiko ni chako. Kunyamaza kule kwa kwanza ni kwangu, nako kuandikwe kwa jina langu."

Bi Pambizo aliisoma amesimama. Alichukua mkoba wake akatoka bila kumuaga mtu, saa za kazi, na afisa utumishi mwenyewe alimfungulia mlango. Waliyozungumza kibarazani hayatuhusu. Kesho yake alikuja kazini macho yamevimba, akaketi, akanirudishia mchoro wangu wa bandeji ukiwa na maoni pande zote.

Leo, wasifu huu unaposomwa, wameketi safu ya mbele, bega kwa bega. Kwa niaba ya kitengo na hospitali nzima, asante, Bi Pambizo, kwa kazi yako, kwa ukali wako, na kwa kukataa tukuage kwa sifa zisizo zako. Asante, Bi Mashuka, ambaye hatukuwahi kukuandalia sherehe. Tunawatakia mapumziko matamu na afya njema. Na kwa kuwa mmecheleweshana sana, tunawaombea alasiri nyingi za kukaa pamoja, mpaka mchokane.